Tunajua Kuzika, Kuuguza Hatujui

Kijana wa bodaboda akivunjika paja Rusimbi, kurudi kutoka hospitali ni mwanzo tu. Mfupa utadai miezi 3 au zaidi: kumgeuza asiote vidonda, kumwogesha, kumpeleka kliniki, kumshika anapojifunza kutembea na magongo. Nani anafanya? Dada yake, ambaye meza yake ya dagaa imelala. Sisi tulioko Dar es Salaam tunatuma pesa kwa simu na kumsifu kwamba ana moyo. Moyo haumgeuzi mtu wa kilo 70.

Kijana huyo angekufa, kamati ingeundwa siku hiyohiyo na nauli zingepatikana. Sheria nayo inafanana nasi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa mwajiriwa aliyefiwa na ndugu yake, kwa ugonjwa, ilimtaja mtoto tu. Muuza dagaa hata hizo hana.

Basi tuache sifa, tuunde kamati ya kuuguza: zamu zenye majina, wanaume wakiwemo, na mchango wa kufidia meza ya dada. Anayeshindwa kusafiri alipe mtu wa kushika zamu yake.