Saratani ya Damu ya Paka: Tuogope Kinachostahili

Wapo wanaodhani kuwa paka mwenye saratani ya damu ataiambukiza familia. Hofu hiyo haina msingi. Virusi vinavyoileta, vilivyogunduliwa na William Jarrett na wenzake huko Glasgow mwaka 1964, havijathibitika kumletea binadamu ugonjwa. Paka huambukizana kwa mate: kulambana, kula chombo kimoja, kuumana. Mama naye huwaambukiza watoto wake. Walio hatarini zaidi ni paka wachanga, na madume wanaozurura na kupigana.

Basi, kumtupa paka mgonjwa porini ni ukatili usiomkinga mtu. Tena atawaambukiza paka wengine huko. Afadhali dume ahasiwe, mgonjwa atengwe na wenzake, na daktari wa mifugo aulizwe juu ya chanjo.

Cha kuogopa ni kichaa cha mbwa, kwani paka naye hukiambukiza. Mtoto aking'atwa au kuparuliwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo. Msingoje dalili: zikishaanza, karibu hakuna anayepona.