MTARO WETU: TUPIME KWANZA, NDIPO TUCHIMBE



Wiki hii hoja ni moja tu: mtaro uchimbwe haraka kabla ya masika. Hata mimi nautaka. Lakini huo upana wa nusu mita unaotajwa, nani kaupima? Nimeuliza, sijajibiwa.

Hesabu yenyewe si ya wahandisi peke yao. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50, ni lita 5,000, na karibu zote zinaishia barabarani. Zidisha kwa nyumba zote za mtaa. Zamani uani palikuwa na mchanga na migomba, ardhi ikanywa. Leo tumemwaga zege mpaka getini (hata kwangu, nakiri).

Ardhi iliyobaki nayo ipimwe. Chimba shimo la futi moja, jaza maji. Yakiisha jaza tena, ndipo upime kwa rula yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Maji ya kwanza yanadanganya, maana udongo mkavu hunywa haraka, na masika yanaukuta umeshalowa. Kichanga cha juu na mfinyanzi wa bondeni havitatoa jibu moja.

Msimamo wangu: tawi lisiunge mkono mtaro huu mpaka vipimo visomwe kwenye mkutano wa mtaa, na tuambiwe maji yatamwagwa wapi. Wa bondeni nao ni wanachama.

Jumamosi saa 2 asubuhi, ofisi ya tawi. Mwenye jembe aje nalo.

Katibu Mwenezi wa Tawi