Kustaafu, kufiwa, kuhama: Mizigo ya moyo inayosahauliwa uzeeni

WAHENGA walisema penye wazee haliharibiki neno. Hata hivyo, katika familia nyingi neno linalomhusu mzee mwenyewe huamuliwa pasipo yeye kuulizwa. Mara tu baada ya arobaini ya mumewe, watoto hukutana, nyumba ya kijijini hufungwa kufuli, na mjane huletwa Dar es Salaam kuishi kwa mwanawe. Nia ni njema, lakini matokeo huweza kuwa machungu.

Mabadiliko makubwa uzeeni aghalabu huja yakifuatana. Mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60. Siku hiyo hapotezi mshahara pekee, bali pia cheo, ratiba na wenzake wa kila siku. Kufiwa humwondolea msiri wake, na kuhama humtenga na majirani, shamba, na msikiti au kanisa alikoheshimika.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), takriban asilimia 14 ya watu wenye miaka 60 na zaidi duniani wana matatizo ya afya ya akili, hasa sonona na wasiwasi. Upweke ni miongoni mwa vichocheo vikuu.

Ugumu ni kwamba sonona ya mzee hujificha. Pengine hatasema ana huzuni. Atalalamikia usingizi, mgongo, au kukosa hamu ya kula. Familia husema "ni uzee tu", ilhali maradhi hayo yanatibika.

Serikali haikukaa kimya. Tanzania ilipitisha Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na zaidi. Hatua hizo ni za kupongezwa, lakini fedha haziwezi kuwa mwenzi wa mazungumzo.

Yapo yasiyohitaji bajeti: kumuuliza mzee kabla ya kumhamisha, kutoharakisha kuuza nyumba yake, na kumwachia jukumu la kweli nyumbani. Huzuni au kujitenga kukizidi wiki mbili, apelekwe hospitali.

Aliyesuluhisha mashauri ya ukoo mzima anastahili kusikilizwa katika shauri lake mwenyewe.