Stika Inasema Usifungue

Karibu kila kifaa cha stima kinachouzwa nchini siku hizi kina stika yake. Iko chini au mgongoni, kwa maandishi madogo ya Kiingereza, na inasema kwamba ndani hakuna kitu ambacho mtumiaji anaweza kurekebisha. Usifungue. Ukifungua, waranti imekufa. Tumeisoma kwenye chaja, redio na vifaa vingine mpaka tumeizoea, kama vile ni sheria iliyopitishwa Bungeni. Mimi nasema ni uongo, tena uongo wenye faida kwa aliyeuandika. Nitaonyesha kwa mashine moja ndogo ya boti.

Mashine yenyewe ni ile ya umeme, ya volti 12, inayobanwa nyuma ya boti ndogo. Juu ina mkono wa kuongozea na swichi ya mwendo. Katikati ni bomba refu jembamba. Chini kabisa, ndani ya maji, kuna mota iliyofungwa kwenye ganda la chuma lenye umbo la chupa, na propela nyuma yake. Nyaya mbili nene zinapanda hadi kwenye betri. Haina moshi wala kelele, na ndiyo maana wanaopeleka wageni kutazama ndege kwenye mikoko wanaipenda. Mjomba wangu anayo moja hapa Mtwapa. Aliinunua kwa pesa za chama, mchango juu ya mchango.

Haikumaliza mwaka. Ilianza kusuasua: ukiwasha haiitiki, ukiigonga inaamka, inasukuma kidogo kisha inalala tena. Dukani alikoinunua waliitazama kwa dakika mbili. "Hii haifunguliwi, mzee. Ni ya kubadilisha." Kubadilisha huko kulikuwa karibu bei ya mashine mpya. Spea? Hakuna. Mchoro wa ndani? Hakuna. Wageni wenyewe ni wa msimu, na msimu haungoji mtu. Mjomba akawa anapiga kasia huku akiona boti za wenzake zikimpita na wateja.

Akanipigia simu. "Wewe si ulisomea stima, mwanangu? Hebu njoo uitazame."

"Nilisomea ya ubaoni, mjomba," nikamwambia. "Twende kwa fundi."

Tulikwenda kwa mzee mmoja anayetengeneza stata na waipa za matatu kando ya barabara. Hakuwahi kuona mashine ya boti ya umeme maishani mwake. Aliigeuzageuza, akasoma ile stika, akacheka. "Hii ni mota ya waipa, ila imekwenda kuogelea."

Na alikuwa sahihi. Mota za aina hii zina sumaku mbili za kudumu zilizobandikwa ukutani mwa ganda, na katikati yake inazunguka amecha, kile kiini chenye nyaya za shaba. Kaboni mbili zinasukumwa na springi zisugue kichwa cha shaba cha amecha, na hapo ndipo umeme unapoingilia. Basi. Ndivyo ilivyo kwenye waipa na ndivyo ilivyo kwenye feni ya rejeta ya magari mengi. Tofauti kubwa ni kwamba hii inaishi majini, kwa hiyo uhai wake wote unategemea mipira midogo ya kuzuia maji: sili kwenye shafti nyuma ya propela, na oringi kwenye maungio ya ganda.

Tulitoa betri kwanza. Fundi akafungua nati ya propela, akavuta propela na pini yake, na hapo hapo ugonjwa ukajionyesha. Mshipi wa kuvulia samaki ulikuwa umejiviringa kwenye shafti, umebana kama uzi kwenye kidole, na umekata sili. Ugonjwa huu ni wa kawaida sana kwa mashine hizi, na kinga yake haihitaji digrii: toa propela mara kwa mara utazame kama kuna uzi nyuma yake.

Kabla ya kulegeza chochote alikwaruza mstari kwa msumari kuvuka maungio, ili wakati wa kufunga kila kipande kirudi mahali pake. Kisha akafungua bolti mbili ndefu zinazopita ganda zima, akavuta kifuniko cha nyuma kikaja na amecha, huku sumaku zikiing'ang'ania. Ndani kulikuwa na tope jeusi: maji ya chumvi yaliyochanganyika na vumbi la kaboni. Kaboni moja ilikuwa imeganda kwenye nyumba yake, haigusi shaba vizuri. Ndiyo maana mashine iliamka kwa kugongwa.

Tukaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tukakausha sawasawa. Kichwa cha shaba akakipitisha msasa laini, na vijia vilivyo kati ya vipande vya shaba akavisafisha kwa ncha ya wembe, maana uchafu ukibaki humo umeme unaruka kutoka kipande hadi kipande. Kaboni zilikuwa zimekwisha, akachukua za stata kuukuu akazisugua mpaka zikaingia. Sili tulizipata duka la spea za pikipiki, baada ya kupima shafti kwa kalipa. Grisi, kufunga kwa kufuata ule mstari, kisha kuijaribu ndani ya pipa la maji. Ilizunguka. Tukaiacha humo, tukaifungua tena kutazama kama imeingiza tone. Ndani pakavu. Gharama yote, pamoja na ufundi, haikufika hata robo ya bei waliyotaja dukani. Mjomba akarudi kazini kabla msimu haujamponyoka.

Sasa niulize: ile stika ilikuwa inamlinda nani?

Wataniambia usalama. Haya, tuzungumze usalama. Volti 12 hazitakurusha, lakini spana ikigusa nguzo mbili za betri kwa pamoja itageuka nyekundu mkononi mwako. Mashine kama hii ikiwa kasi inaweza kuvuta ampea 30 hadi 50 au zaidi, kwa hiyo waya mwembamba utayeyuka na boti isiyo na fyuzi inaweza kushika moto. Betri za lithiamu zina hatari zaidi; ukizitoboa au ukizichaji vibaya zinawaka, na moto wake ni mgumu kuzima. Yote hayo ni kweli. Lakini mambo haya yanataka kufundishwa. Wavuvi wamebeba madumu ya petroli kwenye mashua miaka yote hii, na hakuna aliyewaandikia stika kwamba plagi ya Yamaha haifunguliwi. Walionyeshwa, wakaonyeshana, na leo fundi wa mashine za petroli humkosi kwenye bandari za wavuvi. Hatari ni sababu ya kutoa maelezo. Anayezitumia kuficha maelezo anatufanya watoto.

Wataniambia teknolojia ni mpya. Mpya kwa nani? Mfaransa Gustave Trouvé alifunga mota ya umeme ya kuondosheka kwenye boti na kuiendesha katika mto Seine, Paris, mwaka 1881. Hiyo ni miaka 15 kabla ujenzi wa reli haujaanza Mombasa. Kitu kilichokuwa kikielea kabla babu zetu hawajasikia honi ya treni, leo tunaambiwa ni siri ya kiwandani.

Ni kweli zipo mota za kisasa zaidi zisizo na kaboni, zinazoendeshwa na bodi ya elektroniki. Bodi hiyo mara nyingi inamwagiwa gundi ngumu juu, na wakati mwingine programu yake inafungwa kwa neno la siri ambalo lina muuzaji peke yake. Gundi ina kazi, inazuia maji, sikatai. Neno la siri linazuia nini? Linamzuia fundi wa Mtwapa, Shimoni na Mbita. Kinachoharibika kinaweza kuwa plagi moja iliyoota kutu, lakini mashine nzima inapandishwa basi kwenda Nairobi, na mwenye boti anakaa ufukweni akihesabu siku.

Na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko mashine ya mjomba. Tunaambiwa kesho ni ya umeme: mabasi, bodaboda, boti. Mimi naikubali kesho hiyo. Nimevuta moshi wa petroli wa kutosha. Lakini tazama inavyokuja. Kuna pikipiki za umeme ambazo unanunua chuma na viti, betri inabaki mali ya kampuni. Kuna boti ambazo mota ni ya kukodi tu. Kwa wengine mpango huo unafaa, maana hawana pesa ya kununua kwa mkupuo. Ila mtu akikuuzia kitu, akapokea pesa zako zote, kisha akakukataza kukifungua, huyo hajakuuzia. Amekukodisha bila kukwambia.

Nilikaa chuo kikuu miaka miwili na nusu kabla karo haijanishinda. Nilijaza madaftari milinganyo ya mota kama hii, na nilipita mitihani yake. Kwenye maabara mota ilikuwa moja, nasi tulikuwa wengi, na juu yake palikuwa na karatasi: usiguse bila ruhusa. Nimeondoka pale bila kushika kaboni hata moja kwa vidole vyangu. Yule mzee wa kando ya barabara ameshika maelfu. Halafu ukisikia hotuba, ati nchi haina wataalamu wa magari ya umeme. Wapo, wameketi juani wakiosha stata kwa petroli, ila hakuna anayewapa mchoro.

Dharau hii ina umri. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya mwaka 1972, ndiyo iliyolieneza neno "sekta isiyo rasmi" duniani, na ilisema wazi kwamba hawa watu wana kazi zenye tija lakini serikali inawasumbua badala ya kuwasaidia. Zaidi ya miaka 50 imepita. Tumewapa jina zuri, jua kali, tunalitaja kwa fahari wageni wakija. Kisha tunaagiza mashine ambazo zimeundwa ili jua kali wasiziguse.

Kwingine watu wamegoma. Jimbo la Colorado, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2023 inayowalazimisha watengenezaji wa matrekta kuwapa wakulima spea, zana na maelezo ya kujirekebishia. Umoja wa Ulaya ulipitisha maagizo yake ya haki ya kurekebisha vifaa mwaka 2024. Sisi tuna nini? Tunacho, tena kikubwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Isome tena polepole. Mtu asiyejua kipimo cha sili ya mashine yake anaifaidi vipi kikamilifu? Na sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inamtaka mzalishaji kubeba wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Mota inayotupwa jalalani kwa sababu ya kipande cha mpira ni taka yake huyo aliyekataa kuuza kipande cha mpira.

Kwa hiyo madai yangu ni machache, na hakuna hata moja lenye gharama ya kumfilisi mtu. Anayeuza mashine ya boti ya umeme hapa nchini auze pia kaboni, sili, oringi, propela, pini na bodi yake, kila kimoja kivyake. Atoe mchoro wa ndani na vipimo, na Kiswahili kiwemo. Afundishe mafundi wa eneo anakouzia, hasa kuhusu betri. Kaunti na miradi ya wafadhili wanaogawa mashine hizi kwa vikundi vya wavuvi wasinunue hata moja ambayo haitimizi hayo. Pesa ni zetu au zimeombwa kwa jina letu. Na ile stika ibadilishwe. Iandikwe: toa betri kwanza, weka alama kabla ya kufungua, badilisha sili kila unapofungua.

Mpaka hapo, ushauri wangu kwako mwenye mashine ni huu. Kabla hujatoa pesa dukani, muulize muuzaji swali moja: kaboni na sili za hii mnauza? Akikuambia hii haifunguliwi, mrudishie mashine yake, uweke pesa zako mfukoni, uende kwa mwingine. Wenye maduka hawasomi insha kama hii, lakini mteja anayeondoka mikono mitupu wanamsoma vizuri sana.