NAFASI ZAHESABIWA, VITANDA HAVIHESABIWI

Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, hutoa kitabu cha mwongozo kwa vijana wanaotaka kuingia chuo kikuu. Ni kitabu chenye faida. Kimeandikwa jina la chuo, jina la kozi, sifa za kuingilia, miaka ya masomo na idadi ya nafasi. Mzazi wa Chimala akisomewa na mwanawe atajua kwamba kozi fulani yachukua watu 150. Lakini akipekua kutoka jalada hata jalada hataona hao watu 150 watalala wapi. Safu ya vitanda haimo.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema waziwazi juma hili, na wakubwa wanaohusika wakitaka kukasirika, na wakasirike.

Ndugu wananchi, tulilia miaka mingi kwamba Nyanda za Juu Kusini hazina chuo kikuu, kijana wetu lazima asafiri hata Dar es Salaam kutafuta elimu ya juu. Leo vipo. Mkwawa ya Iringa imekuwa chuo kikuu kishiriki tangu mwaka 2005. Chuo cha ufundi cha Mbeya kilipewa hadhi ya chuo kikuu cha sayansi na teknolojia mwaka 2012. Vipo na vya mashirika ya dini. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Ila tulishangilia majengo ya kusomea. Hakuna aliyetuambia kwamba mtoto akishapokewa, jua likizama atakuwa mpangaji kama mpangaji mwingine yeyote, katika mji asioujua, kwa mwenye nyumba asiyemjua.

Basi mtazame huyo mwanafunzi. Ameondoka hapa na begi, godoro, jiko dogo la gesi na debe la mchele. Fedha aliyonayo ni ya mpunga wa Usangu, uliouzwa kwa lumbesa wakati wa mavuno bei ikiwa chini, kwa sababu chuo hakingoji bei ipande. Anafika mjini, anaambiwa mabweni yamejaa, au ni ya hawa na wale kwanza. Anakwenda mitaani na dalali. Anatakiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Chumba kina mlango wa mbao laini na dirisha lisilo nondo, choo kiko nje uani. Asubuhi anakwenda darasani kwa miguu, jioni anarudi kwa miguu, na siku ya kujisomea na wenzake anarudi usiku.

Binti mmoja wa hapa kwetu, sitamtaja jina wala chuo chake, alitoka maktaba saa mbili usiku katika mwaka wake wa kwanza. Kati ya geti na chumba chake pana kichochoro kinachopita kati ya mashamba ya mahindi, taa hakuna. Vijana wawili walimvua simu na begi lenye kompyuta, na kazi zake za muhula mzima zilikuwamo ndani. Alikwenda chuoni, akajibiwa kwamba jambo limetokea nje ya geti. Alikwenda polisi, akapewa namba ya RB na kuambiwa asubiri. Alikwenda kwa mwenye nyumba, akaambiwa kufuli la nyumba halikuvunjwa, yeye linamhusu nini? Watu watatu, na kila mmoja amesema kweli kwa upande wake. Ndiyo maana nasema kosa liko katika mpango wenyewe: hakuna aliyeandikiwa kwamba usiku wa mwanafunzi ni kazi yake.

Wako mabwana watakaojibu kwa sauti ya kisomi: mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, ajitafutie pa kulala. Ajabu ya neno hili ni kwamba mtu mzima huyu, karo ikichelewa, watu humwuliza baba yake yuko wapi. Na tangu lini utu uzima ukawa dawa ya giza? Mimi nilisomea ualimu. Chuoni kwetu tulilala mabwenini, na mwalimu wa zamu alipita usiku na tochi akihesabu vichwa. Tulimnung'unikia sana. Lakini hapakuwa na mzazi aliyeuliza mwanawe amelala wapi akakosa jibu. Iweje nchi iweze kumhesabu mwalimu wa cheti, ishindwe kumhesabu daktari na mhandisi wake?

Wengine watasema fedha hakuna. Hapa natoa hesabu. Pale Mlimani, Dar es Salaam, mabweni yaliyopewa jina la Rais Magufuli yalifunguliwa Aprili 2017: majengo 20, wanafunzi 3,840, gharama iliyotangazwa shilingi bilioni 10, mjenzi Wakala wa Majengo wa Serikali. Gawanya mwenyewe, ni kama shilingi milioni 2.6 kwa kitanda. Mwaka ule ule picha za nyufa zilienea na maneno yakawa mengi, basi ongeza nusu ya gharama ukitaka, iwe milioni 3.9, bei ya mafundi wasio na haraka. Sasa tuseme mwanafunzi analipa shilingi 40,000 kwa mwezi mtaani. Kwa mwaka ni 480,000. Kitanda cha milioni 2.6 kingejilipa kabla ya miaka sita kutimia, nacho kingebaki kulaza vijana wengine kwa miongo mingi. Fedha hiyo wazazi wanaitoa sasa hivi, kila muhula. Inakwenda kwa wenye vyumba vya dirisha lisilo nondo. Na mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa mradi wa elimu ya juu, HEET, ambao sisi sote na wajukuu wetu tutaulipa. Mwenye kulipa deni ana haki ya kuuliza vitanda vingapi vimo.

Lakini nisieleweke kwamba uzio peke yake unatosha. Mwaka 1990 pale pale Mlimani, mwanafunzi wa kike, Levina Mukasa, alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume. Hakukabwa kichochoroni, waliomtesa walikuwa wenzake wa chuo. Na jirani zetu wa Kenya, Aprili 2, 2015, walipoteza watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi walioshambuliwa alfajiri mabwenini. Vitanda walikuwa navyo. Ulinzi wa kutosha hawakuwa nao, na kikosi cha uokozi kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi. Kwa hiyo tunapodai kitanda twadai na mtu wa kukijibia: mlezi wa bweni anayejulikana kwa jina, mlinzi asiyelala, na mahali ambapo binti anaweza kupeleka mashtaka bila kuchekwa.

Na kwa maelfu ambao hawatapata bweni mwaka huu wala mwakani, chuo hakiwezi kunawa mikono. Kiandikishe nyumba zinazopangisha wanafunzi, kizikague, kisizokubali kikizitangaza. Kikae na wenyeviti wa mitaa, maana mwenyekiti wa mtaa ndiye anayewajua vibaka wa mtaa wake, na mara nyingine anawajua hata mama zao. Halmashauri iweke taa katika njia ya geti kabla ya kuweka mabango ya kukaribisha wageni.

Mwalimu Nyerere alikuwa akitoa mfano wa kijiji chenye njaa kilichompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula; asiporudi, ni msaliti. Mfano huo wasomi wamesomewa sana, na ni sawa wasomewe. Lakini hautaji mtu aliyenyang'anywa njiani usiku, kijiji kikingali kinamngoja. TANU ilipotoa jengo lake la Barabara ya Lumumba mwaka 1961 ili chuo kikuu kianze na wanafunzi wasiozidi 14, haikuuliza kama ni watu wazima wa kujitafutia pa kusomea. Ilitoa nyumba yake.

Sisi wa Chimala tumeanza na tunaloliweza. Kila mzazi mwenye kijana chuoni, awe Mbeya, Iringa, Dodoma au Dar es Salaam, alete ofisi ya tawi mambo matatu: mtaa anapolala kijana, kodi anayolipa, na mwendo wa dakika ngapi kutoka getini usiku. Majina ya vijana hatuyahitaji. Orodha hiyo tutampelekea mbunge wa Mbarali kabla ya kikao cha bajeti, naye tutamtaka aulize swali moja tu Bungeni: kwa nini katika kitabu cha TCU, kando ya idadi ya nafasi, haiandikwi idadi ya vitanda? Bwana yeyote wa chuo au wa wizara anayeona safu hiyo haiwezekani kuandikwa, na atujibu katika gazeti hili hili, ataje na sababu.