Miaka 50 ya TAZARA: Vwawa nayo ihesabiwe

Tarehe 14 Julai 1976 China ilizikabidhi Tanzania na Zambia reli ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Nusu karne imetimia. Wasemaji wa jubilei watamtaja Mwalimu Nyerere, Kenneth Kaunda na Mao Zedong, na ni haki yao kutajwa. Wataeleza jinsi shaba ya Zambia ilivyobanwa baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, na watawakumbuka Wachina waliofia kazini wakazikwa Gongo la Mboto. Sisi wa huku ukingoni, zinakoishia kilomita 975 za upande wa Tanzania, tuna la kuongeza.

Reli ilifika mpakani mwaka 1973. Tusidanganyane, lakini: Tunduma ya leo, yenye watu zaidi ya 200,000 kwa sensa ya 2022, imekuzwa zaidi na malori kuliko treni. Anayetaka kuona kazi ya TAZARA aende Vwawa na kwenye stesheni ndogo za nyanda za Mbozi, kwenye mahindi, kahawa na maharage.

Reli ilijengwa kwa ajili ya shaba, wakulima wakaigeuza yao. Mwenye lori hutaka mzigo wa kujaza. Asipoupata, bei yake humuumiza mwenye kidogo. Treni ya kawaida ilimpokea mama mwenye magunia mawili, ikasimama tena stesheni inayofuata kumchukua mwenzake. Tena njia yenyewe inapita kwenye ardhi zisizofanana: bonde la Kilombero na Usangu lina mpunga, Mbozi ina maharage na mahindi, na Dar es Salaam inakula vyote. Mchuuzi aliyeijua ratiba alinunua kinakozidi na kuuza kinakopungua, bila mtaji wa gari. Ofisi za mipango hazikumpangia mtu biashara hiyo.

Kisha mambo yakaharibika. Njia iliyosanifiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka ilikuwa haifikishi hata 100,000 mwaka wa fedha 2014/15. Vichwa vya treni vilichakaa, fedha za matengenezo zikakosekana. Na kuna la kuchekesha kidogo: Zimbabwe ilipojitawala mwaka 1980 na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini ulipokoma mwaka 1994, shaba ilipata njia nyingine za kwenda baharini. Reli ya Uhuru ikapunguziwa kazi na uhuru wenyewe.

Sasa kampuni ya China, CCECC, imeingia mkataba wa kuifufua kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Tunaupokea kwa furaha, ila mwekezaji hurudisha fedha zake kwa shaba, wala hatumlaumu. Ni juu ya serikali zetu mbili, wenye reli, kuhakikisha gunia la mkulima halisahauliwi stesheni.

Treni ya shaba ipite Vwawa bila kusimama, ndiyo kazi yake. Tunachodai ni nyingine nyuma yake: ya kawaida, yenye behewa la mizigo midogo, nauli ya mtu wa kijijini, na ratiba iliyobandikwa ukutani kabla ya mavuno yajayo.