Piga Marufuku Shindano, Si Mbizi

Mtoto akizamia jiwe jeupe katika vidimbwi vya miambani huko Tiwi maji yakipwa, au pete ya plastiki katika bwawa la hoteli, mchezo ni ule ule. Tena ni mzuri: humzoeza kufumbua macho majini na kumwondolea woga.

Ubaya huanza anapoambiwa, "Tuone nani atakaa zaidi!" Hapo huhema haraka haraka kabla ya kuzama, akidhani anajaza pumzi. Sivyo. Anapunguza kabonidayoksaidi mwilini, na hiyo ndiyo humhimiza mtu avute pumzi. Oksijeni humpungukia bila onyo, akazirai kimya kimya. Hata waogeleaji hodari wamekufa hivyo, katika maji ya kina kifupi.

Kwa hivyo wazazi, walimu na wenye hoteli, tukataze shindano hilo. Mtoto avute pumzi ya kawaida, azame, aibuke, apumzike. Mwenzake amtazame, na mtu mzima awe karibu bila simu mkononi. Akizirai, mtoeni upesi na kuita msaada. Ikiwa hapumui, mpulizieni pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua. Msimkamue tumbo wala kumning'iniza miguu juu.